Shajara ya mradi: makapi ya miwa, vimeng'enya na sauti isiyosikika

Machi, juma la kwanza: swali

Swali tunalolifukuzia ni moja lenye sehemu mbili. Tukipitisha mawimbi ya altrasaundi (sauti isiyosikika) kwenye maji yenye chembe za selulosi na vimeng'enya (protini zinazoikata selulosi kuwa sukari) kwa pamoja, sukari inatoka haraka kuliko vimeng'enya vikiachwa peke yake? Na ikitoka haraka, kilichoiharakisha ni sauti yenyewe, au ni joto na mtikisiko ambavyo sauti huja navyo? Sehemu ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu bila kuijibu hata matokeo mazuri hayatatuambia kitu.

Kwa anayejiunga nasi leo: selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Mwanakemia Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyeitenga kutoka kwenye mimea na kuieleza mwaka 1838. Wanga wa ugali nao ni mnyororo wa glukosi hiyohiyo. Tofauti iko kwenye kiungo. Katika wanga kiungo ni cha alfa, mnyororo unajipinda, na maji pamoja na kimeng'enya cha mate vinaingia bila shida. Katika selulosi kiungo ni cha beta, kila glukosi imepinduliwa ukilinganisha na jirani yake, mnyororo unanyooka, na minyororo iliyonyooka inalala sambamba ikishikana kwa vifungo vya hidrojeni. Ndiyo maana muwa unautafuna, unafyonza utamu, kisha makapi unayatema. Na hayo makapi nayo, kwa sehemu kubwa, ni sukari iliyofungwa.

Vifaa vyetu ni vichache: bafu la altrasaundi la kusafishia vyombo, linalotetema kwa kilohezi 40, fimbo ya altrasaundi ya kuazima, ya kilohezi 20, yenye ncha ya titani inayozamishwa ndani ya kimiminika, bafu la maji la kutikisa, sentrifuji ndogo ya kuzungusha sampuli kwa kasi ili chembe zitue, na spektrofotomita ya kupima rangi kwa mwanga. Tuko watatu: mimi, mwanafunzi anayemalizia shahada ya kwanza, na mtaalamu wa maabara ambaye sote tunamwita Mzee na ambaye ndiye anayejua kila chombo kinapenda nini.

Machi, juma la pili: makapi

Dar haina uhaba wa selulosi. Maranda yamejaa Keko wanakotengeneza samani, makumbi ya nazi yapo kila soko, magunzi yanarundikana kwenye mashine za kukoboa. Nimechagua makapi ya miwa kwa sababu ya lignini. Lignini ndiyo inayofanya mmea uwe mgumu, na ni adui wa kazi yetu kwa namna mbili: inaziba njia ya kufikia selulosi, halafu kimeng'enya kikiigusa kinanata juu yake na kubaki hapo bila kazi. Makumbi ya nazi yana lignini nyingi mno. Makapi ya miwa yana selulosi kama asilimia 40 hadi 45 ya uzito mkavu, hemiselulosi (mnyororo wa sukari mchanganyiko) robo au zaidi kidogo, na lignini karibu asilimia 20. Yanafaa kuanzia.

Tuliyachukua Mwenge, kwa mama anayekamua juisi ya miwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Makapi? Una mbuzi?"

Nilimweleza kwamba tunataka kutoa sukari humo.

"Sukari si nimeshaikamua?"

"Kuna nyingine imebaki mama, imefungwa ndani ya nyuzi zenyewe."

Alitingisha kichwa, akatujazia gunia, hela akakataa. Akasema nirudi kumwambia ikipatikana, na nitarudi.

Swali lake lina uzito wa kimaabara kuliko nilivyotarajia. Mashine ya kukamulia haimalizi sukari ya kawaida, yaani sukrosi. Ikibaki kwenye nyuzi tutaihesabu baadaye tukidhani imetoka kwenye selulosi. Tena ina hila: kipimo chetu cha sukari, cha DNS (kemikali inayobadili rangi ikikutana na sukari za aina fulani), hakiioni sukrosi mpaka ivunjwe kuwa glukosi na fruktosi. Kwa hiyo ukiyapima maji ya suuza moja kwa moja utaona yako safi wakati bado ni matamu. Baadaye chachu inaivunja, au kimeng'enya kisicho safi kinaivunja, na ghafla "selulosi" yako imetoa sukari nyingi ajabu. Dawa yake ni kuosha kwa maji ya moto mara kwa mara, kuchukua maji ya suuza ya mwisho, kuyachemsha na matone ya asidi, kuyapunguza asidi, ndipo kuyapima. Tuliendelea kuosha hadi kipimo hicho kiliponyamaza.

Joto la Dar halisubiri mtu. Gunia lililokaa hadi jioni lilishaanza kunuka pombe. Makapi yaoshwe siku hiyohiyo.

Machi mwishoni: kusaga, kuchekecha, kostiki

Makapi yaliyooshwa yalikaushwa kwenye oveni, yakasagwa, yakapitishwa kwenye chekeche. Tumetenga makundi mawili: chembe zilizopita mikroni 500 zikazuiwa na 250, na zile zilizopita 250. Kisha nusu ya kila kundi tuliichemsha kwa kostiki (hidroksidi ya sodiamu) ya asilimia 2. Maji yaligeuka kahawia iliyokolea. Hiyo ni lignini inatoka. Baada ya hapo kuosha tena hadi pH irudi katikati.

Jambo moja nimelisisitiza kwa mwanafunzi wetu: makapi yaliyopita kwenye kostiki yasikaushwe yote. Selulosi iliyolowana ina vitundu vidogo vilivyojaa maji. Ikikauka vitundu vinajikunja, kuta zinagusana, vifungo vya hidrojeni vinashika, na ukiilowanisha tena si vyote vinavyofunguka. Molekuli ya kimeng'enya ina upana wa nanomita kama 5. Kitundu chembamba kuliko hapo, kwake ni ukuta. Kwa hiyo tumegawa: sehemu imekaushwa, sehemu iko kwenye friji ikiwa mbichi, tuone kama sauti inazitendea sawa.

Pembeni tuna selulosi safi ya kulinganishia: karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1, na pamba ya duka la dawa. Hizo hazina lignini ya kutuchanganya.

Hewa ya hapa ina unyevu, na makapi makavu yanaunywa. Kila tunapopima uzito, sehemu ndogo inakwenda kwenye oveni ya nyuzi 105 ili tujue maji ni kiasi gani.

Aprili, masika yameanza: wafanyakazi watatu

Leo vimeng'enya vimefika. Ni vya kuvu aitwaye *Trichoderma reesei*, na historia yake inastahili kuandikwa hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa Visiwa vya Solomon, na mahema, mikanda na nguo za pamba vilikuwa vinaoza kwa kasi ya kutisha. Kuvu mmoja aliyetengwa kutoka kwenye turubai bovu aliwekewa namba QM6a. Wanasayansi wa maabara ya jeshi, ambayo baadaye ilihamia Natick, Massachusetts, waliokuwa wakitafuta namna ya kuzuia uozo, wakageuza swali: kama anakula pamba hivi, anatumia nini, na tunaweza kukitumia? Elwyn Reese na Mary Mandels walitumia miaka mingi juu ya swali hilo, na mwaka 1977 kuvu huyo alipewa jina la Reese. Hadi leo vimeng'enya vingi vya selulosi vinavyouzwa asili yake ni ukoo wa QM6a.

Vimeng'enya vya selulosi tunaviita selulasi kana kwamba ni kitu kimoja, lakini ndani yake kuna angalau aina tatu za kazi. Ya kwanza inakata mnyororo katikati, popote unapokuwa umelegea. Kila mkato unazaa ncha mbili mpya. Ya pili inashika ncha, inauingiza mnyororo kwenye handaki lililo ndani ya mwili wake, na kutembea nao ikikata vipande vya glukosi mbilimbili, yaani selobiosi. Ya tatu inachukua selobiosi iliyokwisha kuyeyuka na kuipasua kuwa glukosi mbili.

Zinategemeana kuliko inavyoonekana. Bila wa kwanza, wa pili anakosa ncha za kushika. Bila wa tatu, selobiosi inajazana na kumziba wa pili, maana selobiosi ni kizuizi kikali kwake. Na kuvu wa *Trichoderma* hatoi wa tatu kwa wingi, ndiyo sababu tumeongeza kutoka kwa kuvu mwingine, *Aspergillus niger*.

Huyu wa pili ndiye ninayemfikiria sana. Mwaka 2011 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Kiyohiko Igarashi, walionyesha kwa hadubini ya kasi molekuli moja moja zikitembea juu ya selulosi, nanomita chache kwa sekunde. Mara moja inakwama mbele ya kikwazo, zinazofuata zinajipanga nyuma yake na zote zinasimama. Aliyewahi kutoka Ubungo kwenda Posta asubuhi ya mvua hahitaji maelezo zaidi. Dhana yangu, na naiandika hapa kabla ya vipimo ili nisije nikaibadilisha kimyakimya, ni kwamba sauti haikati kiungo chochote cha glukosi katika hali tunazotumia. Kazi yake ni kufungua uso: kuinua nyuzi zilizolala, kuondoa sukari iliyosimama karibu na chembe, na kuvunja foleni hiyo.

Masharti ya kazi: bafa ya sitreti (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike), pH 4.8, nyuzi 50. Tunaweka kidogo kemikali iitwayo azidi ya sodiamu ili bakteria wasile sukari yetu. Hiyo ni sumu, chupa yake ina mchoro mwekundu na Mzee peke yake ndiye anayeifungua.

Aprili, juma la pili: kuijua sauti kabla ya kuitumia

Altrasaundi ni sauti iliyo juu ya kilohezi 20, juu ya masikio yetu. Ile ya kliniki ya wajawazito iko kwenye megahezi na imepunguzwa nguvu kwa usalama. Yetu ni ya chini na kali, na kazi yake yote inapitia kwenye viputo.

Wimbi linapovuta maji, mahali penye chembe ya gesi panafunguka kiputo. Linapobana, kiputo kinasinyaa. Mizunguko kadhaa, kiputo kinakua hadi kisiweze kujishikilia, kisha kinabomoka kwa ghafla. Lord Rayleigh alifanya hesabu ya kubomoka huko mwaka 1917, wakati mapangaboi ya meli yalikuwa yanaliwa na viputo vya namna hiyo. Ndani ya kiputo kinachobomoka joto linafika nyuzi elfu kadhaa, kwa muda mfupi mno kiasi kwamba maji ya jirani hayaungui. Kikibomokea karibu na kitu kigumu hakibomoki sawasawa: upande mmoja unaingia ndani na kutoa mchirizi wa maji unaopiga uso huo kwa kasi ya kama mita 100 kwa sekunde. Chembe ya makapi ni kitu kigumu cha namna hiyo.

Masafa yana maana. Kwa kilohezi 20 kiputo kinafikia nusu kipenyo cha mikroni kama 150. Kwa 40 ni kama nusu yake. Viputo vikubwa vinapiga kwa nguvu. Ukipanda hadi mamia ya kilohezi, vipigo vinafifia na badala yake kemia inatawala: maji yanapasuka na kutoa vijenzi vya hidroksili vinavyoshambulia chochote, pamoja na protini. Kwa kimeng'enya hilo si jema.

Bafu halipigi sawa kila mahali. Tulizamisha karatasi ya foili kwa wima kwa dakika moja. Ilitoka na matundu yaliyokaa kwa mistari, na kati ya mistari foili ilikuwa nzima. Kwa hiyo mirija yote sasa inakaa kwenye kishikio kile kile, mahali pale pale, urefu ule ule wa maji. Ningeomba kila anayeandika kuhusu altrasaundi aanze na picha ya foili yake.

Kisha nguvu. Namba iliyoandikwa nyuma ya mashine ni umeme inaoumeza, siyo sauti inayofika kwenye kimiminika. Tulipima kwa joto: mililita 200 za maji kwenye chupa iliyofungwa sufi, fimbo ikawashwa kwa kiwango cha chini, tukafuata kipimajoto. Yalipanda karibu nyuzi 1 kwa dakika. Gramu 200 mara jouli 4.18, gawanya kwa sekunde 60: kama wati 14. Hiyo ndiyo namba tutakayoitumia.

Na hapa kuna mgongano ambao umenishughulisha wiki nzima. Vimeng'enya vinataka nyuzi 50. Viputo vinapenda maji ya baridi. Shinikizo la mvuke wa maji kwa nyuzi 25 ni kilopaskali 3.2, kwa nyuzi 50 ni 12.3, karibu mara nne. Kiputo kilichojaa mvuke kinabomoka kwa ulaini, kwa sababu mvuke uliomo unakizuia. Kwa hiyo joto linalomfaa mmoja linampunguzia mwingine makali. Nimeamua tubaki kwenye 50, kwa sababu ukali uliopungua huenda ukawa rafiki wa protini.

Aprili mwishoni: mirija ya kwanza

Mpangilio: mirija yenye kimeng'enya, imetulia, yenye kimeng'enya, inatikiswa, yenye kimeng'enya, ndani ya bafu la sauti, yenye sauti bila kimeng'enya, na isiyo na chochote. Yote nyuzi 50, na kipimajoto kiko ndani ya mrija, siyo ndani ya bafu, kwa sababu sauti inapasha moto kile inachokipitia. Bafu likipanda, Mzee anabadilisha maji, anaweka ya baridi kwa kikombe. Kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo tungekuwa tunapima joto na kuliita sauti.

Sukari inapimwa kwa DNS, njia ya Miller ya mwaka 1959: unachanganya, unachemsha dakika 5, rangi inatoka njano kwenda kahawia-nyekundu, unasoma kwenye nanomita 540. Tahadhari moja ambayo ni ya altrasaundi hasa: sauti inazaa vumbi laini la selulosi linaloelea, na fimbo inadondosha chembechembe za titani. Vyote vinazuia mwanga na kusomeka kama sukari. Kila sampuli inapita kwenye sentrifuji kwanza, na kila aina ya mrija ina kipimo tupu chake cha kulinganishia.

Matokeo kwa karatasi ya Whatman: mirija ya sauti ilitangulia wazi katika saa za mwanzo. Iliyotikiswa ilikuwa katikati. Iliyotulia ilibaki nyuma. Kufikia kesho yake pengo lilikuwa limepungua sana. Mirija ya sauti bila kimeng'enya haikutofautiana na mirija mitupu.

Hilo la mwisho ndilo nililolisubiri. Hakuna sukari. Lakini ukiitazama mirija hiyo kwa macho, chembe zimebadilika: zimevimba, zinachelewa kutua, maji juu yake yana ukungu.

Nimemwita mwanafunzi na kumwambia asiandike "sauti inavunja selulosi." Aandike sauti inavunja chembe, kimeng'enya kinavunja selulosi.

Mei, juma la kwanza

Umeme ulikatika usiku katikati ya saa za kusubiri. Mirija iliyokuwa kwenye bafu ilipoa. Data yote ya mzunguko huo imewekwa kando, haiingii kwenye jedwali. Kuanzia sasa mizunguko mirefu inaanza alfajiri, na bafu la kutikisa limefungiwa betri ya akiba.

Mei, juma la pili: fimbo na protini

Tulitaka kujua kama sauti inakiua kimeng'enya. Hapa hakuna makapi kabisa: kimeng'enya na bafa tu, sauti, kisha tunapima nguvu iliyobaki kwa kipimo cha karatasi, kile ambacho IUPAC, shirika la kimataifa la wanakemia, waliidhinisha mwaka 1987: ukanda wa Whatman namba 1 wa sentimita 1 kwa 6, wenye uzito wa miligramu 50, nyuzi 50, dakika 60.

Bafu la kilohezi 40 halikuonyesha hasara ya kuonekana. Fimbo, ikiwashwa bila kupumzika, ilishusha nguvu ya kimeng'enya na ikatoa povu jeupe juu. Povu hilo linaeleza mengi. Protini inapofika kwenye mpaka wa maji na hewa inajifungua, na iliyojifungua haijirudishi ilivyokuwa. Kila kiputo ni mpaka wa namna hiyo. Ongeza vijenzi vya hidroksili na msuguano karibu na ncha, na unapata kimeng'enya kilichochoka kabla ya kuanza kazi.

Tulipobadilisha ikawa fimbo inapiga sekunde chache na kupumzika muda mrefu zaidi, na ncha ikazamishwa chini vya kutosha ili isivute hewa, povu likaisha na hasara ikapungua sana. Kulipokuwa na selulosi ndani, kimeng'enya kilistahimili zaidi kuliko kilipokuwa peke yake. Nadhani ni kwa sababu kilichoshika juu ya uso mgumu hakizunguki na viputo.

Kuna kundi la Idara ya Kilimo ya Marekani, New Orleans, lililofanya kazi ya aina hii kwa miaka, kwanza kwenye vitambaa vya pamba kisha kwenye makapi ya miwa, na msimamo wao ulikuwa sauti ya nguvu ndogo iliyosambaa sawasawa badala ya fimbo kali. Vipimo vyetu vya bafu vinaelekea huko huko.

Mei mwishoni: hadubini

Siku nzuri kuliko zote. Mwanafunzi wetu alikaa kwenye hadubini asubuhi hadi adhuhuri na kioo chenye mizani, akipima urefu wa chembe kutoka kila mrija.

Bila kimeng'enya, sauti inafanya nyuzi ziwe na manyoya pembeni, lakini urefu wake haupungui sana. Kimeng'enya peke yake, mirija ikiwa imetulia, kinaziacha nyuzi karibu na umbo lake. Ukizigusa kwa sindano zinakatika. Vyote viwili pamoja: nyuzi zimekatika vipande vifupi mapema kabisa, wakati sukari iliyotoka bado ni kidogo. Sehemu zilizolegea kwenye uzi zinatafunwa kwanza na wa kukata katikati, zinakuwa dhaifu, na sauti inamalizia kuzivunja hapohapo. Vipande vifupi vina ncha nyingi, na wa kushika ncha anapata kazi. Sauti inamfuata kimeng'enya, kisha inamtangulia. Ndivyo ninavyoielewa sasa, na inanipa furaha kwamba tumeiona kwa macho, hatukuikisia kutoka kwenye mstari wa grafu.

Hii inaeleza pia kwa nini kupiga sauti kwanza na kuweka kimeng'enya baadaye kulitupa faida ndogo kuliko kuviweka pamoja.

Makapi ya kostiki: yaliyokaushwa yalinufaika na sauti zaidi kuliko yaliyobaki mabichi. Lakini mabichi, hata bila sauti, yalitoa sukari haraka kuliko makavu. Kwa lugha nyepesi, sehemu ya kile tunachokilipia kwa sauti ni kufungua tena vitundu tulivyovifunga kwa oveni. Makapi ambayo hayakupita kwenye kostiki yalibadilika kidogo tu kwa kila njia. Lignini haitishwi na viputo vya bafu letu.

Juni, juma la kwanza: hesabu ya umeme

Mzee aliuliza swali ambalo nilijua litakuja: "Hii ukiifanya kwa pipa, Luku itasomaje?"

Tumekaa na kalamu. Mililita 200 zenye selulosi safi asilimia 2 ni gramu 4. Kila gramu ya selulosi ikivunjwa yote inatoa gramu 1.11 za glukosi, kwa sababu kila kiungo kinachokatwa kinaingiza molekuli ya maji. Kwa hiyo kikomo ni gramu 4.4 za glukosi. Glukosi ikichomwa inatoa kilojouli 15.6 kwa gramu, jumla kama kilojouli 69. Wati 14 kwa saa moja ni kilojouli 50, na hiyo ni nishati iliyofika kwenye maji tu; mashine kwenye soketi inameza zaidi.

Kwa hiyo saa moja ya sauti inakaribia kula nishati yote iliyomo kwenye sukari, kabla hujachachusha wala kukeneka pombe. Anayetaka mafuta ya gari kutoka kwenye makapi kwa njia hii hatayapata. Nimesema hivyo wazi kwenye taarifa kwa mfadhili, na sitalilainisha.

Lakini hesabu hiyo inaonyesha pia pa kusukuma. Maji ndiyo yanayokula sauti. Ukipanda kutoka asilimia 2 hadi 10, sukari inaongezeka mara tano kwa maji yaleyale. Faida yote tuliyoiona iko saa za mwanzo, kwa hiyo hakuna sababu ya kupiga baada ya hapo. Na ukipiga dakika chache kwa kila saa badala ya mfululizo, gharama inashuka tena. Tatizo ni kwamba uji mzito unazima viputo. Ikifika kiwango fulani sauti haipiti mbali na ncha. Kati ya uji mwepesi unaopoteza umeme na uji mzito unaonyamazisha sauti kuna mahali pa kufanyia kazi, na ndipo tunapoelekea.

Njia nyingine inayonivutia ni kusimama mapema. Zile nyuzi fupi zenye manyoya, kabla hazijawa sukari, zina matumizi yake kwenye karatasi na vifungashio. Hazihitaji kumaliza mvunjo, zinahitaji mwanzo wake tu, na mwanzo ndipo sauti inapofanya kazi vizuri.

Juni, juma la tatu: yanayofuata

Makapi mapya yameoshwa na kupitishwa kwenye kostiki, yako kwenye friji yakiwa mabichi. Tunaanza na asilimia 5, kisha 8, kisha 10, bafu peke yake, sauti katika saa mbili za mwanzo tu, dakika 5 kwa kila dakika 30. Kimeng'enya cha tatu tumekiongeza zaidi, kwa sababu kwenye uji mzito selobiosi itajaa haraka. Mwanafunzi atachukua sampuli za hadubini kila dakika 15 na sampuli za sukari pamoja nazo, ili urefu wa nyuzi na sukari visimame kwenye grafu moja.

Jumamosi napita Mwenge na chupa ndogo ya sukari iliyotoka kwenye makapi ya yule mama. Haifai kuonjwa, ina azidi, na nitamweleza hivyo. Mwanafunzi anaandaa nyingine isiyo na azidi, yenye bafa ya chakula, ichujwe moto siku hiyohiyo.